Mimba ikiharibika, tujaribu tena? Na kama ndiyo, lini?

Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba changa anaweza kushika mimba nyingine kabla hajaziona siku zake hata mara moja. Yai linaweza kupevuka ndani ya wiki 2 tangu mimba itoke. Kwa mimba iliyofika miezi minne au mitano huchukua kama wiki 4. Wengi hawaambiwi hivyo wanaporuhusiwa kurudi nyumbani. Wanaambiwa "pumzika mama, Mungu atakupa mwingine", wanapewa antibayotiki na panadoli, basi. Nyumbani nako kila mtu analikwepa swali la kujaribu tena. Mke anasubiri mume aanze kulizungumza, mume anaona akilitaja ataonekana hana huruma. Wiki 8 zinapita, hedhi haijaja, na wenyewe hawajui kama mwili bado haujatulia au tayari kuna mimba ambayo hakuna aliyekaa akaamua kuitafuta.

Ndiyo maana naanzia kwenye yai, majonzi nitayafikia baadaye. Swali la kujaribu tena huahirishwa kwa sababu ni zito, lakini mwili hauahirishi. Wanaokutana kimwili bila njia yoyote ya kuzuia mimba, huku wakisema "tutaamua baadaye", wameshaamua.

Halafu lipo jibu linalotolewa haraka kila mahali, kuanzia zahanati hadi kwa shangazi: subirini miezi sita. Miezi hiyo sita ina asili yake, na nitaieleza. Lakini kuna swali linalopaswa kuitangulia.

Ni nini hasa kilitokea?

Mtaani tunasema mimba imetoka, imeharibika, mtoto amezaliwa amekufa, na mazungumzo yanaishia hapo. Hospitalini hayo ni mambo tofauti, na kila moja lina saa yake.

Mimba nyingi zinazoharibika hutoka ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na karibu nusu ya hizo husababishwa na hitilafu ya kromosomu. Mbegu na yai vilipoungana, hesabu ya chembe za urithi haikwenda sawa, na mtoto hakuweza kukua. Mara nyingi hitilafu hiyo ni ya mimba ile tu. Ukimpima baba na mama huikuti. Haikuletwa na ndoo ya maji uliyojitwisha, wala safari ya basi, wala tendo la ndoa, wala sindano ya uzazi wa mpango uliyochoma miaka miwili nyuma. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yanayosemwa jikoni wanawake wanapokuja kutoa pole, na mwenye kuambiwa huyabeba miaka.

Kwa mama wa kundi hili, ambaye kizazi kimesafika chenyewe au kimesafishwa vizuri, hana homa, hatokwi na uchafu wenye harufu na damu imekata, mwili huwa tayari mapema kuliko watu wanavyodhani. Damu ikishakata anaweza kurudia tendo la ndoa. Wahudumu wengi hushauri aone kwanza hedhi moja. Hedhi hiyo haisafishi chochote kilichobaki. Faida yake ni kwamba inasaidia kuhesabu wiki za mimba inayofuata, na inaonyesha kuwa homoni za mimba iliyotoka zimekwisha. Kile kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinaweza kuendelea kutoa mistari miwili kwa wiki tatu, nne au zaidi baada ya mimba kutoka, na ni ukatili wa aina yake kumwacha mtu aishangilie mistari hiyo bila kujua.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi ni habari nyingine. Kama ilitibiwa kwa dawa ya methotreksati, inashauriwa kusubiri angalau miezi 3, kwa kuwa dawa hiyo huvuruga kazi ya asidi ya foliki ambayo mtoto anaihitaji tangu siku za mwanzo kabisa. Kama mrija mmoja umetolewa kwa upasuaji, uliobaki unatosha kushika mimba. Ila karibu mwanamke mmoja kati ya 10 waliopata mimba ya namna hii huipata tena, kwa hiyo akikosa hedhi tu ajipange kwenda ultrasaundi wiki ya 6 au ya 7, asisubiri tarehe ya kuanza kliniki.

Mimba zabibu ndiyo isiyo na mjadala. Hapa kondo hukua kama vishada vya malengelenge, na masalia yake yanaweza kugeuka saratani. Saratani hiyo inatibika vizuri ikiwahiwa, na dalili yake ya kwanza ni homoni ya mimba kupanda tena kwenye damu baada ya kushuka. Sasa mimba mpya nayo hupandisha homoni ileile, na daktari hawezi kujua anachokiona ni kipi. Ndiyo sababu mama hutakiwa kutumia uzazi wa mpango kwa miezi 6 au zaidi huku akirudi kupimwa. Wapo wanaolichukulia agizo hili kama kunyimwa mtoto, wakaacha kurudi. Waliomtibu walipaswa kumweleza jambo hili la homoni, na ni maelezo ya dakika tatu.

Ipo pia mimba inayotoka mwezi wa nne au wa tano, bila maumivu makali, chupa ikipasuka kama mchezo. Ikitokea hivyo, hasa zaidi ya mara moja, daktari atashuku mlango wa kizazi kuwa mlegevu. Hili linaweza kushughulikiwa kwa kuushona mlango huo mimba inayofuata ikiwa na wiki 12 hadi 14, ndiyo maana mama huyu hapaswi kuanza kliniki mwezi wa tano kama tulivyozoea.

Na kuna mtoto anayefariki akiwa amefikisha wiki 28 au zaidi, ambaye Shirika la Afya Duniani linamhesabu kuwa amezaliwa mfu. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2019 yalikuwa karibu watoto milioni 2 duniani, na zaidi ya asilimia 40 yao walifariki wakati wa uchungu, maana yake waliufikia uchungu wakiwa hai. Kwa familia inayofikiria kujaribu tena, tofauti hiyo ni kubwa kuliko hesabu yoyote ya miezi.

Mkunga aliyempokea mtoto anaijua. Kama mtoto alizaliwa ngozi imeanza kubanduka, alikuwa ameshafariki kabla ya uchungu, na sababu itafutwe kwenye ujauzito: shinikizo la damu na kifafa cha mimba, kisukari, kaswende, malaria iliyojificha kwenye kondo, mtoto aliyekuwa haongezeki uzito. Kama ngozi ilikuwa nzima, na mapigo ya moyo yalisikika mama alipopokelewa kisha yakapotea, basi sababu mara nyingi iko kwenye uchungu wenyewe: uchungu uliodumu kupita kiasi, kitovu kilichotangulia, upasuaji uliochelewa, bodaboda iliyotafutwa saa nane za usiku. Kizazi cha mama wa pili huenda hakina kasoro hata moja. Yeye anachohitaji kujua ni safari hii atajifungulia wapi na atafikaje. Huenda uamuzi wake mkubwa ukawa kuhamia kwa ndugu anayeishi karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji ifikapo wiki ya 37, au kwenda kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua pale ilipo. Wapo wanaoambiwa "pole, ujaribu tena" bila kuambiwa wao ni wa kundi lipi kati ya haya mawili.

Kwa hiyo kabla ya kutoka wodini, ulizeni. Ilikuwa mimba ya aina gani? Ya wiki ngapi? Kizazi kimesafishwaje? Damu imebaki kiasi gani? Kama majibu yameandikwa kwa Kiingereza cha hospitali, mwombeni aliyeandika awasomee kwa Kiswahili, kisha ipigeni picha hiyo karatasi kwa simu. Mwakani hospitali nyingine itaitaka, na faili la zamani lina tabia ya kutoonekana.

Miezi sita ilitoka wapi

Juni 2005, Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu mjini Geneva kujadili nafasi ifaayo kati ya uzazi mmoja na mwingine. Walitoka na mapendekezo mawili. Mtoto akizaliwa hai, mama asubiri angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba ikitoka, asubiri angalau miezi 6. Pendekezo hili la pili lilisimama juu ya utafiti mmoja mkubwa, uliochambua kumbukumbu za wanawake zaidi ya 258,000 wa Amerika ya Kilatini. Ndani yake walichanganywa walioharibikiwa na mimba, waliotoa mimba salama na waliotoa kwa njia za hatari, bila kujulikana nani ni nani. Wataalamu wenyewe waliiandika tahadhari hiyo kwenye ripoti. Tahadhari ikabaki kwenye ripoti, miezi sita ikasafiri peke yake hadi kwenye zahanati zetu.

Tangu hapo zimekuja tafiti zilizowatazama walioharibikiwa peke yao. Mwaka 2010 watafiti wa Uskoti walichapisha matokeo ya wanawake 30,937 ambao mimba yao ya kwanza iliharibika. Walioshika nyingine ndani ya miezi 6 hawakuwa na hali mbaya zaidi. Walikuwa na uwezekano mdogo wa kuharibikiwa tena kuliko waliosubiri. Norwei, mwaka 2022, zilichambuliwa kumbukumbu za uzazi zaidi ya 49,000 uliofuata baada ya mimba kuharibika, na waliowahi hawakuonekana kuwa kwenye hatari kubwa kuliko waliosubiri. Kwa waliozaa mtoto mfu, utafiti wa 2019 uliounganisha Finlandi, Norwei na Australia Magharibi, wenye uzazi 14,452, haukuona kwamba kushika mimba kabla ya miezi 12 kunaongeza uwezekano wa kumpoteza mwingine.

Sitaki msomaji wa Kahama au Kilifi atoke hapa akidhani miezi sita ni porojo. Kwanza, anayeshika mimba haraka mara nyingi ni yule ambaye ana afya nzuri na umri mdogo tangu mwanzo, kwa hiyo matokeo yake mazuri hayakuletwa na haraka. Pili, na hili ndilo kubwa, wanawake wa Uskoti na Norwei hawaumwi malaria na ni wachache wanaotoka wodini damu ikiwa chini sana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Hao ni kabla hata hawajatokwa na damu ya mimba iliyoharibika.

Nionavyo mimi, kwetu huku kinachopaswa kusubiriwa ni damu kuliko kalenda. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya 12 au zaidi. Aliyetoka wodini na 7 ana kazi ya miezi kadhaa: vidonge vya madini chuma kila siku kama alivyoandikiwa, dagaa na maini kila inapowezekana, mchicha au matembele yaliyokamuliwa limau, na chai isogezwe mbali na saa ya kumeza vidonge kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Hata kipimo kikishapanda, huendelea na vidonge kama miezi 3 ili kujaza akiba. Ukijumlisha, unaangukia karibu na ile miezi sita. Lakini aliyetoka wodini na 12, akiwa na miaka 39, mimba yake ilikuwa ya wiki 8 na kizazi ni safi, miezi sita inamsaidia nini? Muuguzi anayemwambia kila mtu asubiri sita hajakosea, maana anatoa ushauri utakaomfaa hata aliye dhaifu kuliko wote. Ukipimwa, hali yako ikajulikana, unastahili ushauri wako mwenyewe.

Pana kundi ambalo hata miezi sita haiwatoshi: waliofanyiwa upasuaji wa kujifungua, mtoto akafariki. Uchungu wao huwaambia warudi haraka, na mshono wa kizazi unasema hapana. Hatari ya mshono kuachia huwa kubwa zaidi pale ambapo kati ya upasuaji na uzazi unaofuata haijatimia miezi 18 hivi. Madaktari wengi hapa huongeza tahadhari na kusema miaka miwili kabla ya mimba. Kati ya watu wote wanaohusika na makala haya, hawa ndio ninaowaonea huruma zaidi, maana kwao kalenda ni kweli na haibembelezeki.

Uwezekano wa kutokea tena

Hapa nitataja namba, ingawa najua mtu aliyepoteza hajifarijiki kwa asilimia. Kwa wanawake ambao hawajawahi kuharibikiwa, kama 11 kati ya mimba 100 huharibika. Ikishatokea mara moja, mimba inayofuata huwa na uwezekano wa kama 20 kati ya 100. Baada ya mara tatu au zaidi hufika 42. Zisome kwa upande wa pili: hata aliyepoteza tatu, mimba ya nne ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukaa kuliko kutoka.

Umri unasukuma namba hizi kuliko karibu kitu kingine chochote. Kwenye takwimu za Norwei, mimba zilizoharibika zilikuwa asilimia 10 tu kwa wenye miaka 25 hadi 29, zikazidi nusu kwa wenye 45 na kuendelea. Ndiyo maana ushauri mmoja hauwezi kuwafaa wote. Kwa binti wa miaka 23, mwaka mzima wa kupumzika haumgharimu kitu. Mwenye 41 akisubiri mwaka, amelipa.

Zamani daktari alingoja zitoke tatu mfululizo ndipo aanze uchunguzi. Miongozo ya Ulaya siku hizi inasema mbili zinatosha. Kinachotafutwa ni umbo la kizazi, tezi ya shingo, kisukari, na zile kingamwili zinazogandisha damu kwenye kondo, ambazo zikipatikana mama hupewa aspirini na sindano za kuzuia damu kuganda. Vipimo hivi si vya kila hospitali ya wilaya na bei yake si ya mchezo. Lakini vya bei nafuu ndivyo vinavyosahaulika. Kaswende hupimwa kwa tone la damu na kutibiwa kwa penisilini, na ni miongoni mwa sababu za mtoto kufia tumboni ambazo ni rahisi kabisa kuziondoa, mradi baba naye atibiwe. Asipotibiwa atamrudishia mkewe, na mzunguko unaanza upya. Kundi la damu nalo lijulikane: mama mwenye kundi hasi na mume mwenye kundi chanya anapaswa kupata sindano ya anti-D, inayouzuia mwili wake kuishambulia damu ya mtoto ajaye, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua au kupoteza mimba iliyokwisha kuwa kubwa. Wenye kundi hasi ni wachache Afrika Mashariki, na labda kwa uchache huo sindano hiyo hukosekana hata inapohitajika.

Aliyepata kifafa cha mimba ana lake la kuuliza mapema, kwa sababu aspirini ya kiwango kidogo inayopunguza hatari hiyo huanza kumezwa kabla ya wiki ya 20. Na vidonge vya asidi ya foliki humezwa tangu mtu anapoanza kujaribu. Kuvisubiri hadi kadi ya kliniki ifunguliwe ni kuchelewa, kwani uti wa mgongo wa mtoto huwa umeshafunga kabla mama wengi hawajajua kuwa wana mimba.

Mtoto wa kufuta machozi

Kwenye kadi ya kliniki kuna mistari miwili inayokaa pamoja: mimba ya ngapi, na watoto walio hai. Mhudumu huuliza kwa sauti, kwenye chumba chenye benchi na wanawake wengine wakisubiri.

"Mimba ya ngapi, mama?"

"Ya tatu, sista."

"Watoto?"

"Mmoja."

Sista anaandika. Kama ana kazi nyingi hanyanyui macho. Kama ni mkunga aliyefundwa vizuri, anaweka kalamu chini na kusema "pole, mama, tutazungumza wawili", kisha anamwita ndani. Nimewaona wa aina zote mbili. Kwa mama anayejaribu tena, ile namba ya kwanza kuizidi ya pili kwa zaidi ya moja ndiyo habari muhimu kuliko zote kwenye kadi, kiafya na vinginevyo.

Nje ya kliniki, mtu huyo huyo anakutana na ndugu ambao hawana nia mbaya. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Bora ilikuwa bado changa." Mama mkwe anapiga simu: "Mwanangu, mimi nasubiri mjukuu tu." Aliyejifungua mtoto hai angelazwa ndani siku arobaini, akikandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Huyu aliyejifungua mtoto mfu ana maziwa yaleyale kifuani na maumivu yaleyale mgongoni, na wiki ya pili anategemewa awe sokoni. Mara nyingi uamuzi wa kubeba tena haraka unazaliwa hapo: kuwanyamazisha watu, kumtuliza mume kabla hajashauriwa kuongeza mke, kurudisha jina la "mama fulani" ambalo lilikuwa limeshaanza kutamkwa.

Sisemi hizo si sababu. Kwenye ndoa na ukoo ni sababu zenye uzito, na anayeishi ndani yake ndiye anayeujua. Ila mimba mpya inapewa kazi isiyoiweza. Utafiti uliofanyika Uingereza uliwafuatilia wanawake zaidi ya 13,000, ukaona kwamba waliokuwa wamewahi kupoteza mimba walibeba huzuni na wasiwasi zaidi wakati wa mimba iliyofuata, na hali hiyo iliendelea hata baada ya kujifungua mtoto mzima mwenye afya. Utafiti mwingine wa London, uliochapishwa 2020, ulikuta asilimia 29 ya waliopoteza mimba changa wana dalili za kiwewe mwezi mmoja baadaye, na asilimia 18 bado wanazo miezi tisa baadaye. Usingizi unakatika, damu inaonekana kwenye ndoto, choo cha hospitali ile hakiingiliki tena. Kiwewe cha namna hii kinatibika, na kinatibiwa kwa jina lake, pembeni ya suala la kupata mtoto mwingine. Anayeona hawezi kula wala kulala, au anatamani asingeamka, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili wiki hiyohiyo. Mambo ya mimba yanaweza kungoja.

Baba naye anasahaulika. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kiboksi au kitenge, akachimba au akatafuta wa kuchimba, akarudi kazini kesho yake. Ukimuuliza kama anataka wajaribu tena atasema "mama akiwa tayari", na kila mtu atamsifu kwa upole. Huenda anaogopa. Huenda alimwona mkewe akipelekwa chumba cha upasuaji na akajiapia asimrudishe pale. Hilo halitajulikana mpaka mtu amuulize swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa sentensi hiyo moja.

Mkiamua kungoja, na mkiamua basi

Kungoja kuna fundi wake. Anayetaka kupumzika miezi mitatu au minne kisha ajaribu, sindano ya miezi mitatu si rafiki yake, kwani rutuba huchelewa kurudi, kwa wastani miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Wengi hufikia hapo na kudhani kizazi kimeharibika. Kondomu au vidonge vinamfaa zaidi. Anayetaka mwaka au miaka, kitanzi kinaweza kuwekwa siku ileile kizazi kinaposafishwa, ilimradi hakuna maambukizi, na kijiti vilevile. Vyote hivyo vikitolewa, mimba inaweza kushika mara moja.

Wapo wanaosema basi, inatosha. Mwenye watoto wanne na shinikizo lisiloshuka. Mwenye tatizo la moyo aliyeambiwa wazi kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Aliyepoteza mara tano na amechoka tu, bila sababu nyingine ya kidaktari. Mwenye mmoja anayesoma darasa la tatu na anataka awe mama wa huyo huyo. Jamii yetu inamwelewa wa kwanza na wa pili, kwa wa tatu inaanza kutafuta mganga, na wa nne inamwona mbinafsi. Mimi sioni mpaka kati yao. Neno moja tu la tahadhari: kufunga kizazi ni njia nzuri na ya kudumu, kwa hiyo isisainiwe kitandani siku ya msiba, isipokuwa kama upasuaji wenyewe unalazimisha. Kitanzi kitatoa ulinzi uleule kwa miaka huku mawazo yakitulia.

Kinachobaki ni hali ya kawaida kuliko zote, ambayo haina kipimo cha maabara: mmoja anataka, mwingine hataki, au hataki bado. Wanandoa wengi hulimaliza kwa kulirudia kila usiku mpaka linageuka ugomvi, au kwa kulinyamazia mpaka hedhi inakosekana. Ushauri wa mshauri mmoja wa ndoa niliyewahi kumsikiliza ulikuwa wa kiofisi kabisa, na nimeona ukiwafaa watu. Chagueni tarehe. Baada ya mavuno, baada ya Mfungo, likizo ya Desemba, chochote kinachofahamika nyumbani kwenu. Hadi siku hiyo swali lisiulizwe na yeyote kati yenu, na ndugu wakiuliza, anayejibu ni mwenye ndugu: mume kwa mama yake, mke kwa dada zake. Tumieni kinga kwa kipindi chote hicho, pasipo kubahatisha. Kati ya hapo na tarehe, mmoja achukue ile karatasi ya hospitali akamwone daktari wa wanawake, mwingine apimwe kaswende na kundi la damu. Siku ikifika, kaeni mbali na watoto na simu, na kila mmoja aseme anachotaka kabla ya kusikia cha mwenzake. Mkikuta bado mko pande mbili, chagueni tarehe nyingine.